Reli ya Kalemie iingie katika mchezo wa treni, na tuichore sisi wenyewe

Wandugu wasomaji, juma lililopita nilisema jambo moja hewani, dakika mbili tu mwishoni mwa habari za jioni, na tangu siku hiyo telefoni yangu haijapumzika. Nilisema kwamba reli yetu, kipande kile cha Kalemie hadi Kabalo, kinafaa kuwekwa katika michezo ya kompyuta ya kuendesha treni, na kwamba kazi hiyo tuifanye sisi wenyewe. Wengine walicheka. Wengine walitukana. Mmoja aliuliza nimelipwa na nani. Dakika mbili za redio hazitoshi kujibu matusi ya siku saba, basi najibu hapa kwa maandishi, na atakayetaka kuendelea kunitukana atukane akiwa amesoma.

Nianze na mahali jambo lilipotokea.

Katika mtaa wetu kuna kijana mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Jioni, kama jenereta lina mafuta na wateja wamekwisha, anafungua mchezo wake wa treni. Watoto wanajazana mlangoni nyuma yake, wanatazama kama watu wanaotazama mpira. Jioni hiyo nilikuwa nimepeleka karatasi zangu. Kijana alikuwa anaendesha treni kando ya maji: maji yako kushoto, mwamba mwekundu uko kulia, na reli imebanwa katikati kama mtu aliyesimama kizingitini. Mtoto mmoja, sidhani kama amefikisha miaka minane, akauliza:

"Yaya, hii ni Kalemie?"

"Hapana, ni Uingereza. Kalemie haimo."

"Sababu gani haimo?"

Kijana hakuwa na jibu. Aliongeza mwendo, akaingia katika tundu la mlima. Mimi niliyesomea kazi ya kuuliza na kujibu, nilichukua fotokopi zangu nikatoka.

Yule mtoto hakukosea. Amezaliwa katika mji ambao reli yake inaishia kwenye maji. Akiona reli na maji pamoja, ni lazima afikiri ni kwao. Sisi wakubwa ndio tumezoea kwamba kila kitu kizuri kinachoonekana kwenye kioo ni cha watu wengine, hata hatuulizi tena.

Mchezo wenyewe ni nini

Kwa wasioujua: si mchezo wa kupiga risasi. Unakaa mahali pa dereva wa treni. Mbele yako kuna reli, alama za barabarani, kasi unayoruhusiwa, na saa. Ukifunga breki umechelewa, treni yenye mzigo inapita kituo na abiria wanabaki nyuma. Ukienda mbio kwenye kona, unaanguka. Kijana anayeucheza vizuri anajifunza uzito, mteremko na subira, mambo matatu ambayo madereva wetu wengi wa lori bado hawajajifunza.

Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wake wa treni ukiwa na njia sita. Mbili zilikuwa za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza, moja ya Austria. Ya Afrika haikuwemo hata moja. Tangu hapo michezo mingine imekuja, na njia zimeongezeka sana. Lakini jambo ambalo nataka mlikamate ni hili: nyingi kati ya njia hizo hazikujengwa na makampuni. Zimejengwa na watu kama mimi na wewe, wapenzi wa reli, wastaafu, wanafunzi, usiku baada ya kazi, bila mshahara. Mtu anaamua kwamba reli ya kijiji chake haitasahauliwa, anakaa mwaka mzima anaweka mti kwa mti na nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo tusiwalaumu Waingereza kwamba wamechora kwao. Walifanya vizuri. Hakuna mwenye nyumba anayefagia uwanja wa jirani kabla ya wake. Lawama ni kwetu ambao ufagio tunao na hatujaushika.

Reli hii inastahili kuliko nyingi

Kuna aliyesema: "Lakini hao wanaweka reli za pwani, za bahari. Sisi tuna nini?"

Tuna Tanganyika. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Anayesema hiyo si pwani aende asimame bandarini mwezi wa saba upepo wa kusini ukivuma, aone kama mawimbi yatamuuliza kama ni ya chumvi.

Na reli yetu ina jambo ambalo reli nyingine za pwani hazina. Kwingine kote treni inashuka kwenda baharini, kwa sababu bahari iko chini. Hapa treni inayotoka Kabalo inapanda kwenda ufukweni. Kabalo iko kando ya Lualaba, na ziwa liko juu yake kwa takriban mita 200. Mto Lukuga unatoka ziwani, unateremka kwenda Lualaba, na reli inakuja upande wa pili, inasukuma mzigo dhidi ya maji. Kwa siku nzima dereva anaona msitu mkavu, mashamba ya mihogo, Nyunzu, Niemba, bonde la Lukuga likibana na kufunguka, halafu mwishoni, baada ya kupanda kote huko, ndipo maji yanapojifungua mbele yake mpaka upeo wa macho. Mtungaji gani wa michezo angeweza kubuni mwisho mzuri kuliko huo?

Historia nayo si ndogo. Kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa iliundwa mwaka 1902 na Baron Empain wa Ubelgiji, yule yule ambaye makampuni yake yalijenga metro ya Paris. Metro hiyo inajulikana na dunia nzima. Kipande chetu, kilomita 273 kutoka Kabalo hadi ziwani, kilifika mwaka 1915, vita vikiwa vimewaka, na mji wetu ukiitwa Albertville baadaye. Upande wa pili wa maji, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Reli mbili za maadui zikawa zinatazamana, ziwa likiwa katikati.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1915 zilipita kwenye reli yetu boti mbili ndogo za vita za Waingereza, Mimi na Toutou. Zilikuwa zimetoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, zikakokotwa porini kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikateremka Lualaba mpaka Kabalo, kisha zikaletwa ziwani kwa treni. Tarehe 26 Desemba ziliikamata meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Februari 1916 meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Vitabu na filamu vimeandikwa huko Ulaya kuhusu mambo hayo. Ni nani kati ya vijana wetu anajua kwamba boti zile zilipita hapa, nyuma ya soko analonunua ndagala?

Baadaye, mwaka 1955, reli nzima ilibadilishwa upana. Ilikuwa ya mita moja, ikapanuliwa iwe milimita 1,067 ili ilingane na ya Katanga, na mwaka 1956 ikaunganishwa na Kamina. Fikirini kazi hiyo: kuinua kila chuma na kukipeleka mbali na mwenzake kwa upana wa vidole vichache, mamia ya kilomita. Mikono iliyofanya hivyo haina jina katika kitabu chochote nilichowahi kuona.

Nawajibu wanaopinga

Wa kwanza alisema: "Watu wanakufa na njala, reli yenyewe imechoka, weye unatafuta kuichora mu kompyuta?"

Ndugu, nimekuelewa, na sikucheki. Nami nakula bukari ile ile unayokula. Najua gunia la mahindi linavyokaa kituoni kwa siku nyingi likisubiri treni, mama akilala juu yake ili lisiibiwe. Lakini niambie: kabla ya mimi kusema habari ya mchezo, wewe ulikuwa umeifanyia nini reli? Kama kila anayependekeza jambo dogo lazima kwanza amalize kubwa, basi tufunge shule mpaka njala iishe.

Halafu nikupe mfano. Ile reli ya kando ya maji aliyokuwa anaiendesha kijana wetu inapita mji uitwao Dawlish, kusini-magharibi mwa Uingereza. Usiku mmoja wa Februari 2014 bahari ilichafuka, ikala ukuta na udongo, reli ikabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Tarehe 4 Aprili, miezi miwili tu, treni zilikuwa zinapita tena. Sisemi mchezo ndio uliojenga ukuta. Ukuta ulijengwa na pesa ya serikali na mafundi waliokesha. Ninachosema ni kwamba reli ambayo watu wengi wanaijua kona kwa kona haiwezi kufa kimya kimya. Ikivunjika, kelele inapigwa mpaka mji mkuu. Ya kwetu ikivunjika, wanaojua ni waliokuwa juu ya behewa siku ile.

Leo kila redio inataja Lobito. Pesa za Lobito, wageni wa Lobito, njia ya Lobito. Sina ubaya na Lobito. Lakini nani anataja kwamba Kongo ina mlango mwingine, wa mashariki, unaotoka Kabalo ukafika ziwani, ukavuka hadi Kigoma na kushuka Dar es Salaam? Mlango huo ulifanya kazi miaka mingi. Kitu kisichoonekana hakiombewi pesa.

Wa pili alisema: "Hiyo reli ni ya wakoloni. Unataka kumtukuza Mbelgiji?"

Huyu amenigusa, kwa sababu nusu ya neno lake ni kweli. Reli ilichorwa Ubelgiji, kwa faida ya Ubelgiji. Waliochimba udongo walikuwa wa kwetu, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Wakati wa vita ile wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, na wengi hawakurudi makwao. Lakini angalia matokeo ya kukaa kimya. Siku moja mpenzi wa reli wa huko Ulaya ataichora reli hii, na atatumia alichonacho: kadi za posta za zamani. Ataweka Albertville yenye maua na nyumba nyeupe, dereva mzungu mwenye kofia, na sisi tutakuwa watu wadogo waliosimama mbali wakipunga mkono. Mtoto wa jirani yangu ataona Kalemie hatimaye, na hatajiona yeye mwenyewe ndani yake. Ukiogopa kutukuzwa kwa mkoloni, shika kalamu kabla yake.

Wa tatu ndiye wa hatari zaidi, kwa sababu ananiunga mkono. Aliniambia: "Wazo zuri, mwandishi. Lakini muichore vizuri. Ondoeni majani kwenye reli, pakeni vituo rangi, msiweke watu juu ya mabehewa. Tusijiaibishe mbele ya wageni."

Hapana, ndugu. Nakataa mara mia. Tukiichora hivyo, tunamdanganya yule mtoto pamoja na mgeni. Mchezo huu thamani yake yote ni ukweli: mteremko wa kweli, kasi ya kweli, kona ya kweli. Kama leo dereva analazimika kwenda polepole kama baiskeli kwa sababu chuma kimechoka, basi na katika mchezo aende polepole hivyo, mpaka mchezaji wa ng'ambo achoke na kuuliza: kwa nini? Hapo ndipo tutakuwa tumemwambia jambo ambalo hotuba kumi hazijaweza kumwambia. Majani yawepo. Watu juu ya mabehewa ya mizigo wawepo, pamoja na mabidoni ya mafuta ya mawese na kuku waliofungwa miguu. Na pale Mayibaridi, ambapo treni ilianguka Septemba 2019 na watu wetu wakafa, mchezo usiweke kishindo wala damu. Uweke alama ya kupunguza mwendo, na kila atakayepita apite taratibu. Atakayetaka kujua sababu ataitafuta.

Namna ya kuanza, bila kusubiri mfadhili

Sasa nije kwenye kazi, maana makelele peke yake nayo hayajengi.

Ramani ipo. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada milima na mabonde ya sehemu kubwa ya dunia, na Kongo yote imo. Vipimo hivyo vinapatikana bure kwenye intaneti. Programu za kujenga njia zinavisoma, na bonde la Lukuga linajitokeza lenyewe kwenye kioo, kila kilima mahali pake. Mstari wa reli unaonekana kwenye picha za satelaiti na kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004. Mchezo wenyewe unaweza kuwa Open Rails, ambao hauuzwi, na hauhitaji kompyuta ya tajiri. Kijana wetu wa fotokopi anayo mashine inayotosha.

Tusianze na kilomita zote 273, tutachoka tukiwa Niemba. Tuanze na kipande cha ziwani: bandari ya Kalemie, kituo, mji, na mwanzo wa bonde la Lukuga. Kikimalizika hicho, tunaongeza hadi Niemba, kisha Nyunzu, kisha Kabalo.

Ndani ya kipande hicho napendekeza safari tatu. Ya kwanza ni ya mwaka 1915: mchezaji anazileta zile boti mbili ziwani kwa treni ya mvuke, reli ikiwa bado mpya. Ya pili ni ya wakati wa viwanda, baada ya reli kupanuliwa: makaa ya mawe ya Makala, pamba inayokwenda Filtisaf, wafanyakazi wanaoingia kazini asubuhi, meli inasubiri bandarini. Wazee wengi wa mji huu walikula na kusoma kwa pesa ya kiwanda kile, nao wanaweza kutuambia geti lilikuwa wapi na lilikuwa la rangi gani. Ya tatu ni ya leo, jinsi ilivyo, bila kupaka rangi.

Kila mtu ana cha kuleta. Mwanafunzi mwenye telefoni apige picha za nyumba za zamani za kando ya reli, mbele, nyuma na pembeni, akiomba ruhusa kwa wenyewe. Mwenye picha za baba yake akiwa na kofia ya reli aifungue ile valizi chini ya kitanda. Mvuvi atueleze maji yalikuwa yanaishia wapi kabla ziwa halijapanda miaka hii ya karibuni na kumeza mitaa ya chini, kwa sababu ufuko wa picha za zamani haupo tena. Na mimi nitaleta ninachokijua, yaani sauti. Nina kinasa sauti, na kazi yangu ni kusimama mahali nikinyamaza. Nitarekodi treni ikifika, breki zikilia, honi ikirudi kutoka vilimani, mama wa ndizi akiita wateja kwa Kiswahili chetu. Mchezaji wa Tokyo akisimamisha treni Kalemie asikie "ndizi, ndizi, karanga ya moto" kama inavyosemwa hapa.

Na kwa wakubwa wa reli, sisi hatuombi pesa. Tunaomba ruhusa ya kupima na kupiga picha bila mtu kutukamata na kutuita wapelelezi. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji karatasi moja na saini moja.

Mzee aliyenikemea

Nimemweka mwisho mtu aliyenitia wasiwasi kuliko wote. Hakupiga simu, alituma mjukuu wake aje kuniita. Ni mzee aliyeendesha treni kwenye reli hii miaka mingi. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, fimbo kati ya magoti.

"Ni weye mwandishi unayetaka kutia reli mu mchezo?"

"Ni mimi, papa."

"Mtu akifa, mnazika. Hamumweki mu kioo watoto wamchezee."

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na kwa mzee wa namna ile hujibu haraka. Baadaye nikamuuliza tu: "Papa, ukitoka Kalemie na mzigo, honi ya kwanza ulikuwa unaipigia wapi?"

Akanitazama. Akaanza. Kwanza polepole, halafu mkono ukaacha fimbo ukaanza kwenda mbele na nyuma kama umeshika kitu. Alitaja vituo vyote mpaka Kabalo, bila karatasi. Alisema ni kona gani unafunga breki kabla ya kuiona, kwa sababu ukiiona umechelewa. Ni daraja gani linalia tofauti mvua ikinyesha. Ni mahali gani alikuwa anapiga honi mara mbili, moja ya sheria na moja ya mke wake, ajue maji ya kuoga yawekwe jikoni. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti mbele yake, kwa ruhusa yake. Alisema dakika arobaini, akakohoa, akanyamaza.

Nilipoaga, akaniambia: "Kama mnaweka, msiweke ile kona vibaya. Vijana watajifunza kuanguka."

Sikusema kwamba amekubali. Nanyi msiseme. Lakini mzee anayesahihisha kona hajazika chochote.

Wandugu, dakika zile arobaini ndizo hoja yangu yote. Ramani ya milima iko kwenye satelaiti, itakuwepo hata miaka hamsini ijayo. Ile kona iko katika kichwa cha mzee mmoja anayekohoa. Wenzake waliobaki katika mji huu tunawahesabu kwa vidole, na kila msimu wa mvua tunapunguza kidole. Mnaweza kuniambia tungoje treni za kweli zitengenezwe kwanza. Zikitengenezwa, nani atamfundisha dereva mpya mahali pa kufunga breki?

Jumamosi hii saa tisa alasiri, kijana wa fotokopi atafungua kibanda chake bila kumtoza mtu, na mafuta ya jenereta nimeshanunua. Tutafungua bonde la Lukuga kwenye kioo na kuweka chuma cha kwanza pale bandarini. Anayepinga naye aje, akae mbele, apinge akiwa anaona. Mwenye mzee wa reli nyumbani amlete kwa pikipiki, nitalipa nauli. Na yule mtoto nimeshamwambia aje mapema, kabla nafasi za mlangoni hazijajaa.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Kalemie.